Rogulaiki ya simu isiyokula mega: Shattered Pixel Dungeon, NetHack au Slay the Spire?

Mwana Kadutu (Bukavu)
Jambo yenu wote. Kwetu umeme unakatika jioni, unarudi usiku wa manane. Natafuta rogulaiki ya kucheza kwenye simu bila intaneti. Kwa asiyezijua: ni zile gemu ambazo kila ukianza safari ramani inapangwa upya, na ukifa unarudi mwanzo kabisa. Jina limetoka kwa Rogue ya mwaka 1980. Nimebakiza hizo tatu. Nichukue ipi?

Yaya wa Himbi (Goma)
Mdogo wangu, chukua Shattered. Kwenye Android ni ya bure, haina matangazo, Kifaransa kimo, na ukishaipakua haikudai mega hata moja. Unashuka ghorofa 26, na kila baada ya tano kuna bosi, yaani adui mkubwa. Wa kwanza, Goo, ndiye mwalimu. Akikanyaga maji anapona, basi mvute hadi pakavu. Ukiona anavimba, acha kumpiga, rudi nyuma hatua tatu, pigo lipite bure, kisha mrudie. Aliniua mara nyingi kabla sijaelewa kwamba gemu hii inakungoja: usipogusa kioo, hakuna adui anayesogea. Mimi naweka simu chini, nakoroga sombe, narudi nakuta kila kitu pale pale.

Katuba (Lubumbashi)
Sikatai, ila NetHack ya 1987 ina akili ambayo sijaiona kwingine. Kuna adui anaitwa kokatrisi: ukimgusa mikono mitupu unageuka jiwe. Lakini ukivaa glavu unaweza kuokota mzoga wake na kuwapiga nao maadui, wakageuka mawe wao! Icheze kwenye kompyuta tu. Herufi ndogo ina amri yake, kubwa ina yake; kwenye simu vidole vitachoka.

Dada wa Ibanda (Bukavu)
Mimi ni wa Slay the Spire. Ni vita vya karata: kila zamu unaanza na nguvu tatu za kuchezea karata, na adui anakuonyesha mapema atakachofanya, kwa hiyo ukishindwa unajua kosa lako. Wapo wanaosema si rogulaiki halisi, kwa kuwa maelezo ya rogulaiki yaliyoandikwa Berlin mwaka 2008 yanataka kutembea kwenye ramani ya miraba. Kwangu hilo halina uzito. Uzito uko kwenye bei: ni ya kulipia, na simu yangu ya zamani inapata moto nikiicheza.

Mwana Kadutu (Bukavu)
Aksanti sana. Nimepakua Shattered. Jana dawa nyekundu iliniponya. Leo nimeinywa tena nikawaka moto nikafa. Imekuwaje?

Yaya wa Himbi (Goma)
Pole, mdogo wangu. Rangi za dawa zinachanganywa upya kila safari, ya jana isahau. Dawa usiyoijua inywe ukiwa umesimama majini: ikiwa ni ya moto, utazimika hapo hapo.