Naomba ushauri: tamasha la mbwa, wasio na chanjo tuwafanyeje?

Wadau habari za leo, poleni na majukumu. Mimi na wenzangu wanne hapa Arusha tunaandaa tamasha dogo la mbwa, Jumamosi moja kabla ya tarehe 28 Septemba ile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lengo tuchangie kituo kinachookota mbwa waliotupwa, maana kule unga na dagaa vinaisha kabla ya mwezi na mabanda yanavuja, inauma sana kuona.

Uwanja tumeshapata, afisa mifugo wa kata amekubali kuja. Kiingilio 2,000 kwa mtu, mbwa bure, na hela iende moja kwa moja lipa namba ya kituo ili isipite mikononi mwetu.

Tulipokwama ni hapa. Tulitangaza kila mbwa aje na kadi ya chanjo, ila tukizunguka mtaani wengi hawana kabisa, na hao ndo tunaowataka zaidi. Mwenzetu mmoja anasema tuwachanje getini waingie, mimi naogopa, chanjo ya kichaa haikingi siku hiyo hiyo, mwili unahitaji kama wiki tatu nne kujenga kinga, na watoto watakuwepo wengi.

Mlioshawahi kuandaa kitu kama hiki, mliwachanja wiki kadhaa kabla au mliwatengea eneo lao pembeni? Na mbwa asiyezoea kamba mlimdhibiti vipi asigombane na wenzake? Zimebaki wiki sita tu.