Oboe: nibadili ridi, kibomba au chombo chenyewe?

NotaYaLa: Wadau, salaam. Oboe yangu, ala ya mti ya kupuliza, inatoa sauti yenye makali mno, hasa nota za juu. Naitaka nene na laini. Nitanunua kitu kimoja tu: ridi (ndimi mbili za tete zinazotikisika) zilizokwanguliwa kwa mkono, vibomba (vya kufungia ridi) vya fedha badala ya shaba, au oboe ya mti wa kokobolo. Kipi?

KisuKikali: Ya muhimu hujayasema. Ridi zako ni za mkwanguo (sehemu iliyopunguzwa kwa kisu) mfupi wa Ulaya au mrefu wa Marekani? Urefu wa kibomba ni milimita 46 au 47? Ridi ikipulizwa peke yake inatoa nota gani?

PumziNdefu: Kwanza kagua pedi, vizibo laini vya matundu. Chomoa kipande cha juu, ziba mwisho wake kwa kiganja, funga matundu yote, kisha nyonya hewa. Mvuto usipodumu sekunde kadhaa, panavuja. Chombo kinachovuja humlazimisha mpigaji kubana midomo, na kubana huleta makali.

NotaYaLa: Pedi nzima. Mkwanguo mrefu, 47. Ridi inatoa Do, lakini ya juu tu.

KisuKikali: Basi usinunue kitu bado. Ridi ya mkwanguo huo itoe Do mbili kwa pamoja, zikiachana oktavu moja. Ya chini hutoka mgongoni, sehemu ya nyuma ya mkwanguo. Ingiza kibamba chembamba cha kutegemeza kati ya ndimi mbili, kwangua madirisha ya nyuma (sehemu zilizo kati ya uti na kingo) mara mbili tatu, pande zote sawasawa, ujaribu tena. Uti wa kati na kingo usiviguse. Hapa ndipo ridi nyingi huharibika: sauti ikianza kunenepa, mtu anazidi kukwangua. Do inateremka kuelekea Si, mpigaji anabana ili La ifike hezi 440, makali yanarudi. Anakata ncha apandishe nota. Ncha iliyobaki ni nene, na nota za chini zinagoma kuanza kwa upole. Akiikwangua ncha tena, moyo wa ridi, sehemu nene iliyo nyuma ya ncha, nao unapungua.

MpingoDaima: Hata hivyo kokobolo ni laini kuliko mpingo.

KisuKikali: Mti una sehemu ndogo. Umbo la njia ya hewa ndani na ukataji wa matundu huamua zaidi. Oboe mbili za mpingo, ridi ileile, bado hazifanani.

PumziNdefu: Na kinywa je? Koo likae kama la kutamka "o", si "i", na ridi isizame sana mdomoni. Ikizama, sauti hupanda na kuwa kali.

MpingoDaima: Ukinunua ya mti wowote, wiki za mwanzo piga dakika 10 hadi 15 kwa siku. Pumzi hupasha ndani huku nje kukiwa baridi, na kipande cha juu hupasuka, mara nyingi kwenye matundu ya trili (ya kupishanisha nota mbili haraka).

NotaYaLa: Nimekwangua madirisha, Do ya chini inaanza kusikika. Vibomba vya fedha je?

PumziNdefu: Kipimo cha ndani kikitofautiana na vya sasa, hutajua kilichobadili sauti ni fedha au ni kipimo. Mandreli yako, kijiti cha kushikia kibomba unapofunga ridi, inakaa vizuri kwenye vibomba gani?