Mjadala: Ujenzi bila kibali umesimamishwa katikati, fundi alipwe kiasi gani?

Mtoa hoja:
Wakuu, nianze na msimamo wangu ili anayenipinga ajue anapinga nini. Ujenzi ukisimamishwa kwa kukosa kibali, fundi alipwe kwa kile kilichosimama saitini baada ya kupimwa, na ikatwe gharama ya kurekebisha alichokosea. Asidai zaidi ya hapo. Na mwenye nyumba asijifiche nyuma ya X nyekundu ya manispaa, ile alama ya kusimamisha ujenzi.

Mtindo wetu wa Dar, kuanzia Goba, Kivule, Chanika mpaka Kigamboni, tunaujua. Mtu ananunua kiwanja kwa karatasi ya serikali ya mtaa, anapata ramani kwenye simu, anapatana na fundi kwa mdomo, tofali zinashushwa. Siku watu wa mipango miji wakipita na kupiga X, bosi ghafla anaikumbuka sheria: "Kazi yenyewe haikuwa halali, kwa hiyo hunidai." Mbona alipokuwa akihimiza lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imwagwe kabla ya masika hakuikumbuka? Kibali kinaombwa na mwenye eneo, kwa halmashauri yake, pamoja na michoro na ushahidi wa umiliki. Fundi hana kiwanja, ataomba kama nani?

Sasa bei, na hapa ndipo tunapodanganyana. Fundi anasema "nimefika robo tatu", bosi anasema "hata nusu hujafika", na wote wanatumia macho. Tuchukue mfano. Ufundi wa milioni 3, kuanzia msingi mpaka kupaua. Tuugawe: msingi na jamvi (zege la sakafu) 1,100,000, kuta mpaka usawa wa lenta 900,000, lenta na kozi (mistari ya tofali) za juu yake 400,000, kupaua 600,000. X imepigwa kuta zikiwa kozi ya 6 kati ya 9. Msingi umekamilika, kuta ni theluthi mbili, yaani 600,000. Jumla 1,700,000. Kama fundi ameshachukua 1,900,000, ndiye anayedaiwa 200,000. Ukuta mmoja umepinda na kuurudia ni 150,000? Deni linafika 350,000. Lakini kama saruji iliisha na vijana wakakaa bure kumsubiri bosi, na walipatana posho ya siku hizo, tuseme 180,000, hiyo nayo inahesabiwa. Linabaki 170,000.

Hakuna anayeipenda hesabu hii. Bosi alitaka arudishiwe milioni, fundi alitaka aongezwe laki tano. Nipingeni.

Fundi wa Mbagala:
Mtoa hoja umeongea vizuri ila umesahau hela ya jasho. Ukinipa kazi ya milioni 3 mimi nakataa nyingine. Umenisimamisha kozi ya 6, vijana wangu wanne wanarudi nyumbani mikono mitupu na ile saiti nyingine ameshachukua mwenzangu. Nani ananilipa hiyo? Halafu mnasema nirudishe! Nirudishe nini, ilishaliwa na watoto.

Na hilo la kibali, ukimuuliza bosi anakwambia "wewe jenga, nimeshaongea na mtendaji". Ukiuliza mara ya pili, kesho unamkuta fundi mwingine kwenye msingi.

Mama wa Kivule:
Fundi, pole, lakini na sisi tuhurumieni. Mnachukua advansi ya saiti tatu kwa mpigo. Kwangu alimwaga jamvi, akasema anaenda msibani wiki moja, kumbe yuko Bunju anapandisha ukuta wa mtu. Simu haipokelewi. Nilipopata fundi wa pili, akaja akazunguka, akatikisa kichwa, akasema "mama, kazi ya mtu siwezi kuisemea, nitakuongezea kidogo". Kidogo yenyewe ni theluthi ya bei! Hiyo nyongeza ya kumalizia kazi ya mwingine mbona haimo kwenye hesabu ya mtoa hoja?

Mtoa hoja:
Mama, hapo umenishika, ila kwa masharti. Fundi akikimbia mwenyewe, nyongeza ya fundi wa pili iwe juu yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa makubaliano haki ya fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko. Lakini kazi ikisimamishwa na X, aliyekosa kibali ni wewe mwenye eneo, kwa hiyo nyongeza ni yako. Kwa sababu hiyo hiyo fundi wa Mbagala asirudishe posho ya siku alizokaa bure. Faida ya kozi ambazo hakuzijenga, hiyo hapana.

Msomaji wa sheria:
Mnapita juu ya shimo. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo kinasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Mtasema kipo kifungu cha 70, anayenufaika na kazi ya mwenzake amlipe. Kisomeni chote: kazi hiyo iwe imefanywa kihalali. Na anayejiita mkandarasi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ana kesi nyingine kabisa. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, ghorofa 16 lilianguka Kisutu, watu zaidi ya 30 wakafa, na ilielezwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa chache zaidi. Novemba 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo, tukalia tena. Tukiwahakikishia mafundi malipo hata bila kibali, nani atauliza kibali?

Mtoa hoja:
Hoja nzito kuliko zote hapa. Nakubali nusu yake. Ghorofa si banda la uani. Anayeongeza ghorofa juu ya nguzo zisizopigiwa hesabu, au anayechimba chini ya jengo lenye watu, asilipwe hata mia, na ashitakiwe pamoja na aliyemtuma. Lakini nyumba ya vyumba vitatu Chanika, ukimnyima fundi hela unamzawadia nani? Bosi anabaki na kuta za bure. Mwaka kesho urasimishaji wa makazi ukipita mtaani anapata karatasi zake, anaendelea kujenga juu ya jasho la mtu. Adhabu imemwangukia mwenye mfuko mdogo, na mwenye kosa la kwanza kapata punguzo.

Mkadiriaji:
Niingie kwa ufundi tu. Msihesabu kozi, hesabuni tofali. Kuanzia kozi ya 4 au ya 5 kuna nafasi za madirisha, tofali zinapungua, kwa hiyo kozi 6 kati ya 9 zimekula zaidi ya theluthi mbili ya tofali. Upande wa pili, kuanzia kozi ya 7 fundi anahitaji jukwaa, mwendo unapungua, kwa hiyo hizo 3 za juu zina kazi kuliko zinavyoonekana. Msingi upigwe picha kabla ya kufukiwa, nondo kabla ya zege, futi ya kupimia ikiwa inaonekana pembeni. Mkigombana baadaye, kilichofukiwa kila mtu atakisimulia anavyotaka.

Fundi wa Mbagala:
Kupimwa nakubali. Lakini mpimaji analipwa na nani? Akiletwa na bosi atapima kwa macho ya bosi.

Mtoa hoja:
Nusu kwa nusu, na achaguliwe siku ya kupatana, kabla jembe halijagusa ardhi.

Mama wa Kivule:
Na siku hiyo hiyo fundi aniulize kibali kiko wapi, mbele ya mashahidi. Nikisema ninacho na sina, basi nikamuliwe.