Mjadala: Somo la urithi lianze na sikoseli, tena kabla ya Kidato cha Nne?

Wadau, salaam. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na hoja yangu ni moja: somo la urithi tusilisubirishe hadi Kidato cha Nne, wala tusilianze na njegere za Mendel, yule mtafiti aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere. Lianze Darasa la Sita, kwa Kiswahili, na mfano uwe sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu alichora mraba wa Punnett, jedwali la kuonyesha watoto wanaweza kurithi nini, bila kosa: baba AS, mama AS, watoto AA, AS, AS, SS. A ni jeni (chembe ya urithi) ya kawaida, S ni ya sikoseli, na mwenye SS ndiye mgonjwa. Alama zote akapata. Kipindi kilipokwisha akanifuata: "Mwalimu, mdogo wangu ana sikoseli. Basi watatu watakaofuata watakuwa salama?" Jibu alikuwa nalo, maana yake hakuwa nayo. Ile robo ya kupata SS huanza upya kila mimba; haijali aliyetangulia ametoka vipi.

Tangu siku hiyo nafundishia sarafu mbili za shilingi 200, moja ya baba, moja ya mama. Simba ni S, sura ya Karume ni A. Kila mwanafunzi anarusha zote mbili mara nne, yaani familia ya watoto wanne. Kwa darasa la watu 40, hesabu inatarajia familia 12 au 13 zisizo na mgonjwa hata mmoja, na kama 10 zenye wagonjwa wawili au zaidi. Watoto wanayaona kwa macho yao.

Kesho yake, kabla daftari halijafunguliwa, kila mmoja anachora mraba kwa kichwa. Baada ya wiki tena, baada ya mwezi tena. Wananung'unika, maana kupitia madesa mara tano usiku wa kuamkia mtihani humfanya mtu ajione anajua. Kinachobaki ni kile ulichojilazimisha kukikumbuka bila kuchungulia.

Mzazi, Kanda ya Ziwa: Mwalimu, nakuheshimu, ila umeruka jambo zito. Mtoto akijua kwamba SS hutoka kwa wazazi wote wawili, kisha baba akapimwa akakutwa AA, hiyo nyumba itakalika? Na anayeumwa si atanyooshewa kidole?

Mwalimu: Mzazi mwenzangu, vidole vinanyooshwa sasa hivi. Mtoto anaambiwa karogwa, mama anaambiwa kaleta damu mbaya ya kwao. Somo linaonyesha kwamba baba naye ametoa S yake, na kwamba mwenye AS kwa kawaida haumwi. Tena ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hii imeenea sana kwenu ziwani. La baba nakubali ni zito. Ndiyo sababu tunarusha sarafu. Majibu ya vipimo vya mtu hayaingii darasani kwangu. Lakini wapo watoto wasiofika Kidato cha Nne, na hao nao wataoa na kuolewa.

Muuguzi: Wengi ninaowahudumia husikia neno AS kwa mara ya kwanza wakiwa wamempakata mtoto anayelia, vidole vimevimba. Naunga mkono kuanza mapema. Ila kwa Darasa la Sita habari za mimba bado ni nzito. Mwalimu, Kidato cha Kwanza ungekikubali, mradi kipindi hicho kiwe kwa Kiswahili?