Mjadala: Mtafiti wa afya asiyerudisha majibu kijijini, apewe kibali tena?

Mleta hoja, Moshi:

Ndugu zangu, mji huu umezoea watafiti, kwa kuwa hospitali ya KCMC ipo hapa tangu mwaka 1971 na wanaokuja kupima shinikizo la damu na kujaza madodoso hawaishi. Hoja yangu ni kwamba mtafiti alazimishwe kurudisha matokeo, kwa Kiswahili, kwa watu aliowapima, kabla hayajachapishwa popote, na asipofanya hivyo anyimwe kibali cha utafiti unaofuata.

Niliwahi kufuatana na timu moja huko Uru, kazi yangu ikiwa kuwatafsiria wazee Kichagga. Bibi mmoja aliweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, akapangusa wino kwenye pindo la khanga yake, kisha akaniuliza: "Baba, hata wale wa mwaka ule walinitoboa kidole. Majibu yangu waliyapeleka wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na swali lile sijalisahau. Azimio la Helsinki, msingi wa maadili ya utafiti wa tiba tangu 1964, katika marekebisho ya 2013 linataka kila mshiriki apewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Bibi yule hakuwa akiomba hisani.

Muuguzi, Arusha:

Ndugu mleta hoja, nakuheshimu, lakini unaanzia mwisho. Katika zahanati ninayofanyia kazi, mama huja na kadi ya CHF, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii ambayo kaya yake imeilipia, nami humwandikia dawa akanunue dukani kwa sababu kabati ni tupu. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi pale Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi hazijafika. Kila shilingi ya mikutano ya kusoma matokeo ingenunua dawa ya presha. Ukimwambia mgonjwa kwamba nusu ya kijiji wana presha wakati huna kidonge cha kumpa, umemsaidia nini?

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Moshi:

Mimi natia shaka neno "kabla". Matokeo yasiyopitiwa na wataalamu wengine yanaweza kuwa na kosa, na kosa likishatangazwa kwenye mkutano wa kijiji halifutiki kirahisi.

Mleta hoja:

Dada muuguzi, fedha unazozitaja hazitoki mfuko mmoja. Ruzuku ya utafiti haiwezi kugeuzwa vidonge vya zahanati yako, ila inaweza kulipia siku mbili za kurudi Uru, endapo mfadhili atalazimika kuziandika kwenye bajeti tangu mwanzo. Tena hilo kabati tupu ndilo hasa linalohitaji ushahidi: diwani anayekwenda halmashauri na takwimu za kata yake hukataliwa kwa shida zaidi kuliko anayekwenda na malalamiko. Leo takwimu hizo zimo kwenye majarida ya Kiingereza. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002, huzifungulia taasisi zilizosajiliwa za nchi kama yetu majarida mengi bila malipo, nao umewafaa sana wanavyuo. Lakini wewe uliye zahanati, ni nani amekupa nywila? Usawa wa afya unaoishia maktaba ya chuo haumfikii mama mwenye kadi ya CHF.

Kwa mwanafunzi, nakubali umenishika. Neno "kabla" naliondoa. Matokeo yapitiwe kwanza, kisha yarudi kijijini ndani ya miezi 6 baada ya kuchapishwa, na NIMR, taasisi ya taifa inayotoa vibali vya utafiti wa tiba, inapopokea ombi jipya la mtafiti huyo idai muhtasari wa mkutano wa kijiji uliosainiwa na mwenyekiti. Hapo sirudi nyuma. Anayeona miezi 6 haitoshi aeleze ni kazi gani hasa itakayomchelewesha.