Ukoo wa Bi Mwanaidi, Tanga

Rehema: Asalaam aleikum. Jana namnyoa Twaha nikakuta mapunye kisogoni. Mabaka matatu, magamba meupe, nywele zimekatikia chinichini. Waliolala kwa mama likizo kagueni watoto leo, na nyuma ya masikio.

Rehema: Tiki za bluu naziona, majibu siyaoni.

Baba Nasra: Msugue kitunguu saumu dada 😂

Rehema: Ulibabuka nacho wewe, kovu unalo. Mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kunywa. Fangasi wameingia mpaka kwenye shina la unywele, krimu haifiki. Kaandikiwa griseofulvini kwa uzito wake, wiki 6 hadi 8, anywe na chakula chenye mafuta.

Baba Nasra: Chapati hizo 😂 hata mimi naumwa

Hamisi: 😂😂😂

Mama Nasra: Wifi, Nasra ana duara shavuni. Nimempaka tyubu ya dukani, muwasho umetulia ila duara limetanuka.

Rehema: Acha leo hii! Nyingi zina steroidi: muwasho unatulia, fangasi wanasambaa. La shavuni krimu ya klotrimazoli inatosha, lakini aonwe na kichwa pia. Jumamosi saa 3 twende zahanati pamoja. Kila nyumba 5,000 ya usafiri.

Hamisi: Mchango tena? Wa maturubai haujasomwa.

Rehema: Hamisi, mashine uliyowanyolea watoto wote Idi iko wapi?

Salma: Mimi nilipokuwa na mapunye nilitengewa sahani, nikala barazani peke yangu mpaka shule zikafunguliwa. Hakuna aliyechanga.

Rehema: Salma mdogo wangu, tusifike huko.

Salma: Nimesema tu.

Jamila: Bibi kasikiliza yote. Anasema niandike hivi: "Nyumbani kwangu hatengwi mtoto. Sinia moja. Chanuo, kofia na mto, kila mtu na chake. Salma, nipigie mwanangu."

Baba Nasra: Sawa mama.

Mama Nasra: Sawa mama. Shule je, waende?

Rehema: Waende, wakishaanza dawa. Mkikuta uvimbe laini wenye usaha msitumbue, mkimbizeni kwa daktari. Jumamosi nani na nani?

Mama Nasra: Mimi, Inshallah.

Baba Nasra: Jumamosi si ndiyo harusi ya Pongwe?

Hamisi: Mashine kaazima jirani.

Rehema: Kaichukue sasa hivi! Ana watoto wanne yule.

Mjomba Kassim: Nilikuwa kazini. Nani anaumwa?