Je, dhiki ya utotoni inaweza kuwa chanzo cha unene wa ukubwani?

Binti wa Kirumba
Habari zenu wadau. Nilizaliwa mwaka 1984 na nikakulia Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo, katika chumba kimoja tulimolala watu saba. Mama alikuwa akianika dagaa wa watu kwa ujira wa siku, na alipokosa kibarua tulikula ugali wa muhogo kwa mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuchukuliwa. Nilifyonza kichwa mpaka mfupa ukawa mweupe. Leo nina kazi na nina kilo 98, na kila nikienda kupima sukari naambiwa nipunguze kula, basi. Wadogo zangu wawili wa mwisho, waliozaliwa mama akiwa tayari na meza yake ya samaki, ni wembamba, ingawa tukikutana wananizidi kwa kula. Nilisikia redioni habari za epijenetiki, yaani jinsi maisha yanavyoweza kuwasha au kunyamazisha jeni bila kuzibadili. Je, inawezekana dhiki ile ilibaki mwilini mwangu?

Mwalimu wa Nyegezi
Dada, swali lako ni la msingi. Juu ya vinasaba hujishikiza vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo methili, ambavyo mara nyingi hunyamazisha jeni bila kubadili herufi hata moja ya urithi wako, na mwili huvitengeneza kwa msaada wa folati ya mboga za majani, vitamini B12 ya samaki na nyama, na kolini ya mayai.

Ushahidi unaojulikana zaidi unatoka Uholanzi, ambako majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi. Vijana waliopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19 walionekana kuwa na kiribatumbo, yaani unene uliozidi, zaidi ikiwa mama zao walishikwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba, lakini wale waliokutwa na njaa mwishoni mwa mimba walikuwa nacho kidogo kuliko wengine. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa hiyo walikuwa na methili pungufu kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji wa mwili, miaka 60 baadaye, wakilinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja. Ulinganisho huo wa ndugu ndio unaofanana na habari yako na wadogo zako.

Muuguzi Igoma
Namuunga mkono Mwalimu, ila naomba tutofautishe njaa ya tumboni na umaskini wa utotoni. Kuhusu umaskini wenyewe, upo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 uliokuta kwamba alama za methili za watu wazima zilihusiana zaidi na hali ya maisha yao ya utotoni kuliko ya ukubwani, lakini ulihusu wanaume 40 tu. Kisha mwaka 2017 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 10,000, ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ya methili yanayoonekana kwenye damu ya watu wanene yanaletwa na unene wenyewe. Kwa hiyo hata tukikupima leo na kuziona alama hizo, hatuwezi kusema zilianzia Kirumba.

Tena dhiki ina njia nyingine za kumfikia mtu: mtoto aliyezoea chakula cha kubahatisha hujifunza kumaliza kilichopo mezani, na hofu ya muda mrefu huongeza homoni ya kotisoli, ambayo huchochea mafuta kujikusanya tumboni. Dada yangu, kuambiwa tu upunguze kula, bila kuulizwa ulikotoka, ni huduma nusu, na inaniumiza kwamba tunaifanya. Omba uonane na mtu wa lishe, na vipimo vya sukari usiviache.

Mzee wa Ukerewe
Binti yangu, muulize mama yako mimba yako aliibeba wakati gani.

Binti wa Kirumba
Shikamoo, Mzee. Nimempigia jioni hii. Anasema ilikuwa wakati wa foleni za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na kwamba mara nyingi alilalia uji usio na sukari ili kaka zangu wapate ugali. Sikuwahi kuyasikia haya. Jumatatu nitakwenda kwa mtu wa lishe, nami nitaanza kumweleza kuanzia hapo.